Chumba cha Ghorofa ya Saba

Ndugu zangu, hasa ninyi mliokwisha kuagwa kazini kwa hotuba na kupigwa picha, na ninyi ambao wazazi wenu wameagwa hivyo, sogezeni viti karibu. Ya leo yanatuhusu sote, na atakayejiona yumo asininunie.

Asubuhi moja, wiki ya kwanza ya kustaafu, Mama Pasi alikuwa barazani na mumewe wakinywa chai bila haraka. Hakuna aliyeitazama saa, jambo la ajabu katika nyumba ile, maana mume alikuwa fundi saa. Kwa miaka ishirini na minane ndiye aliyeitunza saa kubwa ya mnara wa mji, na watu walimwita Mzee Majira. Mkewe naye jina lilitoka kazini. Alipiga pasi mashuka miaka thelathini na mmoja katika chumba cha dobi, chini kabisa ya hoteli kubwa ya mjini.

Mashuka yalimfikia kwa bomba pana la bati kutoka juu. Kila shuka lilikuwa na namba ya chumba pembeni, imeshonwa kwa uzi wa buluu. Ya ghorofa ya saba aliyajua hata akifumba macho: mazito, laini, yanayotulia chini ya pasi. Lakini kitanda chenyewe hakuwahi kukiona. Watu wa dobi waliingia kwa mlango wa nyuma na kutoka kwa mlango huo huo, na lifti ilikuwa ya wageni.

Mumewe alikuwa na kiu inayofanana na hiyo. Yeye alifanya kazi ndani ya mnara, nyuma ya uso wa saa, kwenye magurudumu na grisi. Uso wenyewe aliuona akiwa barabarani tu, shingo imepinda, tena kwa upande. Mahali pekee pa kuutazama ana kwa ana palikuwa dirisha la ghorofa ya saba ya hoteli ile. Basi tangu ujana wao walikuwa na ahadi moja: wakistaafu, watalala kule juu usiku mmoja. Yeye aone saa yake, mkewe alalie mashuka yake.

Asubuhi hiyo bahasha ya kaki ilikuwa mezani, kati ya vikombe. Ilikuwa sehemu ndogo ya kiinua mgongo chao. Sehemu kubwa ilikuwa imekwisha kuwekwa kwa ajili ya chakula na dawa.

"Tarehe kumi," alisema Mzee Majira. "Tutaingia kwa mlango wa mbele."

"Mlango wa mbele!" Mama Pasi alicheka, lakini moyo ulimdunda. "Wakituuliza tunakwenda wapi?"

"Tutawaambia tumekuja kulala. Kwani watu huenda hotelini kulima?"

Walikuwa bado wanacheka pale kifungua mimba wao alipoingia. Tusimsingizie, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na kazi yake, mke na nyumba iliyokaribia kwisha. Alitoa shikamoo mbili kwa pumzi moja, akajimiminia chai, akaiona bahasha.

"Hii ya nini, mama?"

"Ya hoteli. Mimi na baba yako tunakwenda kulala kule juu."

Kijana aliweka kikombe chini ili acheke vizuri. "Hoteli? Kwani humu ndani hakuna kitanda? Mama, watu watasemaje? Wazee wazima mmeanza kula bata! Na mimi nimebakiza vigae vya sebuleni tu, nyumba iishe."

Lile neno la watu watasemaje lilimwingia Mama Pasi kama sindano. Alijiona yuko mlangoni pa hoteli, mlinzi akimwonyesha njia ya nyuma. Akamtazama mumewe. Mzee Majira alikuwa akikoroga chai ambayo sukari yake ilikwisha kuyeyuka zamani.

"Sawa, mama watoto," alisema. "Tutakwenda mwakani."

Bahasha ikaondoka na kijana. Vigae viliwekwa, na vilipendeza.

Mwakani ilifika, na bahasha ilikuwa imejaa tena kidogo kidogo. Safari hii alikuja kitinda mimba, binti mwenye saluni, akitaka vioo vikubwa. Alilia kidogo, na mama gani anayeweza kustahimili machozi ya kitinda mimba? Mwaka uliofuata akarudi kaka mtu. Viti vya gari lake vilikuwa vimechanika. Viti vya gari, ndugu zangu! Na gari lilikuwa linatembea vizuri tu.

Lakini nisiwabebeshe watoto mzigo wote, nitakuwa mwongo. Mwaka wa nne hakuja mtu kuomba. Mama Pasi mwenyewe alichukua bahasha akaenda kununua makochi, akayafunika kwa nailoni yasichafuke, na wao wawili wakaendelea kukalia viti vya zamani. Hakuwa mkono wa birika. Mgeni hakutoka kwake na njaa. Ila raha yake mwenyewe ilimtia woga. Kila tarehe ilipokaribia aliuona akilini ule mlango wa mbele na vioo vyake. Kutoa bahasha ilikuwa rahisi kuliko kuupita mlango ule.

Jioni, wanapokula, Mzee Majira alikuwa na mchezo wake. "Leo jua limepiga upande wa magharibi," angesema. "Uso wa saa unang'aa sasa hivi. Mtu aliye kule juu anafaidi." Mama Pasi angejibu, "Mwakani, mume wangu," na kuondoa vyombo. Hamu ile ilikaa nao mezani kama mtu wa tatu. Walikuwa wameizoea.

Mzee Majira alikuwa bado anatengeneza saa za majirani pale barazani. Siku moja jirani wa nyumba ya pili alirudi na saa yake ya ukutani, uso umekunjamana kwa kujizuia kucheka.

"Fundi, shikamoo. Hebu itazame hii. Mishale umeipachika kinyume. Mfupi ndio unakimbia, mrefu unatambaa."

Mama Pasi alikuwa akipepeta mchele. Aliacha. Miaka arobaini ya ndoa hakuwahi kusikia mumewe amekosea mshale. Alimwona akiipokea saa, akiusogeza uso wake karibu nayo, kisha akipapasa mishale kwa ncha ya kidole kama anayetafuta mwiba.

Jirani alipoondoka, Mama Pasi alimwendea mumewe. "Vidole hivi vingapi?"

"Acha utoto, mama watoto."

"Vingapi?"

Mzee aliuinamia mkono ule. "Nauona mkono," alisema hatimaye. "Vidole sivioni."

Kwa daktari wa macho walikaa kwenye benchi asubuhi nzima. Daktari, mwanamke mpole, alimmulika kila jicho, akawaambia ukweli bila kuzunguka. Ilikuwa presha ya macho. Ilikuwa imeanza miaka mingi, ikila pole pole. Dawa ingelinda kile kidogo kilichobaki, mwanga na kivuli, lakini kilichopotea hakirudi.

Njiani Mama Pasi alisimama katikati ya watu. "Ulijua?"

"Nilijua tangu mwaka wa vioo."

"Na hukuniambia!"

"Ningekuambia, ungenipeleka kule juu kwa huruma, unalia." Alitafuta mkono wake, akaupata. "Mimi nilitaka tupande siku unayocheka. Nikasema nitasubiri. Nilidhani macho nayo yatasubiri."

Mama Pasi aliliona kosa lake lote kwa mara moja, vigae, vioo, viti, makochi yaliyofunikwa nailoni. Alilia pale pale barabarani, wala hakujali watu watasema nini. Ilikuwa mara yake ya kwanza kutojali.

Jumamosi hiyo kifungua mimba alikuja tena. Safari hii ombi lilikuwa geti. Mama alikuwa chumbani anapanga nguo kwenye begi dogo, na bahasha iko mkobani.

"Hakuna, mwanangu," alisema bila kugeuka. "Leo tunakwenda hoteli."

"Lakini mama..." Kijana alipunguza sauti. "Baba si ndio hivyo tena. Kule juu ataona nini?"

Mama Pasi aliufunga mkoba. "Alipokuwa anaona, nilikupa wewe vigae. Sasa haoni, unataka nikupe geti. Niambie basi, mwanangu, zamu ya baba yako ni lini?"

Kijana alilichukua begi la mama yake, akatoka kwenda kuwasha gari. Njiani baba yake, aliyekuwa amekaa kwenye viti vile vipya, alivipapasa akasema kwa upole, "Vizuri, hivi."

Mlango wa mbele ulifunguka wenyewe. Baada ya woga wa miaka yote ile, mlango ulifunguka tu, mlinzi akainamisha kichwa na kuwakaribisha. Pale mapokezi waliulizwa majina na kupewa ufunguo. Hakuna aliyewauliza wametokea wapi. Ndani ya lifti Mama Pasi alimshika mumewe mkono kama bibi harusi, lifti ilipoanza kupaa.

Chumba kilikuwa na kitanda kikubwa kuliko alivyowahi kudhani. Aliinua pembe ya shuka, akaiona namba ile ya uzi wa buluu. "Ni lenyewe," alinong'ona. Kisha akashika upindo na kukunja uso. "Lakini huyu aliyepiga pasi alikuwa na haraka."

Mzee Majira alicheka mpaka akakohoa. "Nilijua tu! Nipeleke dirishani."

Mama Pasi alimsimamisha mbele ya kioo. Mnara ulikuwa pale pale mbele yao, uso wa saa mpana, mweupe, umewakabili kabisa. Jua la jioni lilikuwa juu yake.

"Niambie," alisema mumewe.

"Ni mkubwa," alianza Mama Pasi. "Kama sahani ya..." Akapiga moyo konde. "Ni mweupe. Namba zake ni nyeusi, zimenyooka. Mishale imepakwa dhahabu, mume wangu. Kumbe ni dhahabu! Kutoka chini huwa inaonekana kama kutu."

"Mimi niliomba wapake dhahabu," alisema Mzee Majira taratibu. "Walinicheka. Walisema nani ataona?" Alikiweka kiganja kwenye kioo, kama anayemgusa mtu shavuni. "Inapendeza?"

"Inapendeza sana."

Kengele zikaanza kulia. Hapo juu mlio uliingia hadi kifuani. Mzee Majira alikuwa ameiondoa kioo saa yake ya mkononi ili aisome kwa kidole. Aliigusa sasa, na furaha ikamtoka usoni.

"Imechelewa," alisema. "Dakika nne. Ni nani anayeitunza siku hizi?"

"Dakika nne si nyingi, mume wangu."

"Kwa saa, ni nyingi." Kisha akageukia ilikotoka sauti ya mkewe, akatabasamu. "Lakini imelia. Na sisi tumefika. Twende tukalale kwenye mashuka yako."

Alilala upesi, mikono juu ya kifua, kama mtoto aliyechoka na safari. Mama Pasi hakulala. Mashuka aliyoyatamani miaka thelathini na mmoja yalikuwa yanamgusa mgongo, mazito na laini kama alivyoyajua, na macho yake yalikuwa dirishani. Aliutazama uso wa saa kwa niaba ya mwenziwe. Aliukariri kila sehemu, rangi iliyobanduka kwenye namba tisa, njiwa aliyetua juu ya mshale mrefu alfajiri, ili kesho barazani amsimulie, na kesho kutwa tena. Alijua atasimulia mpaka mwisho. Na kila atakaposimulia, atajua kwamba mumewe angeweza kuyaona yote hayo mwenyewe, kama wangepanda ile tarehe kumi.

FUNZO

Kwako wewe uliyestaafu: ukishatenga cha chakula, cha dawa na cha dharura, kile kidogo cha raha ni chako, nawe umekitolea jasho. Kitumie kwa jambo ulilolitamani ukiwa bado na miguu ya kulifikia na macho ya kulitazama. Usione haya. Hao watu unaowaogopa watasema nini, wengi wao hawakutazami kabisa.

Kwako wewe mtoto wa mstaafu: kabla hujanyoosha mkono, uliza bahasha hiyo ilikuwa inakwenda wapi. Kigae kinaweza kungoja mwaka mmoja. Yule kifungua mimba sasa huwalipia wazazi wake chumba kile kila mwaka, tarehe kumi, na huwapeleka mwenyewe mpaka kwenye lifti. Ni mtoto mwema. Lakini kila akirudi nyumbani hupita sebuleni kwake, juu ya vigae vile, na mkewe anasema siku hiyo huvua viatu na kukanyaga vigae hivyo pole pole.