Kuku Waliotolewa Vizimbani

Kila alipoosha sufuria moja, Mama Mayai alifuta mikono na kukimbilia bandani kuchungulia. Kuku wake sitini walikuwa wakikimbizana sakafuni. Mayai yalikuwa machache. Mengine yalikuwa yamepasuka konani, mengine yameshadonolewa.

Wiki iliyopita kuku hao waliishi kwenye vizimba vya waya. Walibanana, hata kukunjua bawa hawakuweza. Kisha mwoka mikate, mnunuzi wao mkubwa, akasema wateja wake wanataka mayai ya kuku wasiofungiwa. Angekuja mwisho wa mwezi kuona mwenyewe. Siku hiyohiyo Mama Mayai akawatoa kuku wote. Akafagia saruji mpaka ikang'aa. Akapanga masanduku ya kutagia chini ya dirisha, penye mwanga, ili ayaone vizuri. Alidhani amemaliza. Kumbe ndiyo kwanza kazi ilikuwa inaanza.

Sasa kuku mmoja alikuwa amekufa kwa kudonolewa na wenzake. Mumewe, fundi wa kuchomea vyuma, uvumilivu ulimwisha.

"Mama, mwisho wa mwezi ukifika hali ikiwa hivi, nawarudisha vizimbani," alisema. "Bora tumkose mwoka mikate kuliko kuwakosa kuku wote."

Machozi yalimlengalenga Mama Mayai. Bila mwoka mikate, mayai hayo angemuuzia nani?

Akamwita mtaalamu wa mifugo, mama mmoja mpole asiye na haraka. Mgeni alisimama mlangoni, akatazama kimya. Wakati huohuo Mama Mayai alishaingia na kutoka mara tatu. Kila akiingia, kuku waliruka kutoka kwenye masanduku.

"Mwenzangu," mtaalamu akamwambia, "kuku akitaka kutaga hutafuta penye giza na utulivu. Wewe umemweka dirishani, halafu unamtolea macho. Atataga saa ngapi?"

"Nina wasiwasi nao."

"Najua. Lakini wao wanakuona mwewe."

Mume alicheka. Mama Mayai alitaka kukasirika, akajikuta naye anacheka.

Mtaalamu akaeleza taratibu. Masanduku yahamishiwe ukutani penye giza, sanduku moja kwa kuku watano, na ndani yawekwe majani makavu. Sakafuni wamwage maranda makavu ya mbao, kina cha vidole vinne, kuku wapate kuchakura. Anayechakura hana muda wa kumdonoa mwenzake. Wafunge fito za mbao za kulalia. Mayai ya chini yaokotwe upesi lakini kwa utulivu. Masanduku yasiguswe mpaka saa tano, maana kuku wengi hutaga asubuhi.

Jioni walianza kuwapandisha kuku kwenye fito, mmoja mmoja. Wakaruka chini, wakarundikana konani. Mama Mayai aliogopa watakosa pumzi. Wakawapandisha tena. Siku ya tatu, bado. Siku ya sita, wachache walipanda wenyewe. Kazi ngumu kuliko zote ilikuwa asubuhi, kuizuia miguu yake isiende bandani. Mumewe alimpa maharagwe ya kuchambua, akayachambua mara mbili.

Siku ya mwoka mikate ikafika. Akaja saa nne, ana haraka, akataka kuingia moja kwa moja. Akimkatalia, huenda akaondoka asirudi. Akimruhusu, kuku wataruka. Mama Mayai akasimama mlangoni.

"Samahani, ndugu yangu. Subiri mpaka saa tano. Wanataga."

Mwoka mikate alimkazia macho, akatazama saa yake, mwishowe akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa. Hiyo saa moja ilikuwa ndefu kama mwaka.

Saa tano wakaingia polepole. Kuku walikuwa wakichakura maranda, hakuna anayedonolewa. Sakafuni palikuwa na yai moja tu. Mama Mayai akaingiza mkono katika sanduku la kwanza. Mayai yalikuwa mengi, safi, na bado yana joto. La pili hivyohivyo. Mumewe akaleta trei, halafu akarudi kuchukua nyingine.

Mwoka mikate alilishika yai moja, akalipapasa.

"Basi kila wiki nitakuja saa tano," akasema.