Joto la Bi Hiske

Kila Jumapili, wageni walikuta nyumba ya Bi Hiske ina joto.

Binti yake Akke alikuja na mumewe na watoto wao wawili. Walipoingia tu walivua makoti, kisha masweta. Kahawa ilikuwa tayari. Keki ya tufaha ilikuwa mezani. Watoto walilala chini kwenye zulia wakacheza karata.

"Kwa Bibi kuna raha," alisema Mare, mjukuu mkubwa. "Hapa hata miguu haiumi kwa baridi."

Bi Hiske alitabasamu. Maneno hayo yalimtosha kwa wiki nzima.

Wasichokijua ni hiki: kitufe cha joto kilichokuwa ukutani, Bi Hiske alikigusa Jumapili tu. Alikipandisha asubuhi kabla ya kwenda kanisani. Jioni, gari la Akke likishaondoka, alikishusha tena hata kabla hajaondoa vikombe mezani. Boila ilizimika, mabomba ya joto yakalia kidogo, kisha yakanyamaza. Taratibu baridi ya mji wa Dokkum ikaingia, ikakaa kwenye viti walivyokalia wageni.

Jumatatu hadi Jumamosi, Bi Hiske alivaa koti la marehemu mumewe Durk ndani ya nyumba. Alivaa kofia ya sufu na soksi mbili mbili. Alikula mkate mweusi na kipande cha jibini, akiwa amesimama karibu na sinki. Kuwasha jiko kwa ajili ya mtu mmoja aliona ni anasa.

Si kwamba alikuwa fukara. Pensheni yake ilikuja kila mwezi, na ilimtosha. Lakini kila alipotaka kuitumia kwa ajili yake mwenyewe, alisikia sauti ya marehemu mama yake. Walikuwa watoto tisa shambani, na mama yao alikula mwisho siku zote, kama kuna kilichobaki. "Anayejiwashia moto peke yake," mama huyo alikuwa akisema, "anaunguza riziki ya wenzake."

Wenzake sasa walikuwa wapi? Ndugu zake wengi walikwisha kufa, na Durk pia. Lakini sauti ile haikufa.

Durk alipougua kifua, nyumba ilikuwa na joto usiku na mchana, na Bi Hiske hakuona uchungu wa hata senti moja. Siku waliporudi kutoka makaburini, alikishusha kitufe. Aliona joto lile lilikuwa la Durk, na mwenyewe amekwenda.

Pesa alizookoa aliwawekea wajukuu. Vuli ile alimnunulia Mare baiskeli mpya ya kwendea shule ya sekondari. Ilikuwa nyekundu, yenye taa nzuri mbele na nyuma. Mare alipiga kelele kwa furaha, na mtaa mzima ukamsikia.

Ikafika Januari. Maji ya mfereji uliopita mtaani yaliganda, na watu wakatoa viatu vyao vya kutelezea kwenye barafu. Bi Hiske aliwaona dirishani wakipita huku mashavu yao yamekuwa mekundu. Siku hizo alikuwa anachoka sana. Vitu vilimponyoka mkononi. Alisahau kama amekwishakula au bado. "Ni uzee," alijiambia.

Jirani yake wa ukuta kwa ukuta alikuwa Sipke, muuguzi anayewazungukia wagonjwa majumbani kwa baiskeli. Alikuwa jitu la mtu, mwenye ndevu nyekundu na mdomo usiokaa kimya. Alhamisi moja alirudi kazini, akakuta kikaratasi mlangoni: kifurushi chako kiko kwa jirani. Akaenda kubisha.

Bi Hiske alichelewa kufungua.

"Habari za mchana, Bi Hiske! Wamekusumbua tena na viatu vyangu?"

"Vi... viatu," alisema Bi Hiske. Ulimi ulikuwa mzito kama wa mlevi. "Viatu vya Durk?"

Sipke akaacha kucheka. Alimtazama usoni. Ngozi ilikuwa imepauka, midomo ina rangi ya samawati. Alimshika mkono. Ulikuwa kama samaki wa barafuni.

"Mama, naomba niingie."

Ndani, pumzi yake mwenyewe ilitoka kama moshi. Kwenye kioo cha dirisha, upande wa ndani, kulikuwa na barafu.

"Boila imeharibika?"

"Haijaharibika. Leo si Jumapili."

"Unasikia baridi?"

"Wala."

"Hutetemeki?"

"Nilitetemeka asubuhi. Sasa nimezoea." Alitaka kukaa, akakikosa kiti. Sipke alimdaka kabla hajaanguka.

Akachomoa kipimajoto kwenye mkoba wake wa kazi. Kikaonyesha nyuzi thelathini na nne. Alipiga simu kuita gari la wagonjwa, kisha akafanya kazi haraka, bila papara. Alipandisha kitufe cha joto. Alimvua soksi zilizokuwa na unyevunyevu, akamfunga blanketi kifuani, shingoni na kichwani. Akampa chai ya vuguvugu yenye sukari, kidogo kidogo.

"Nisugue mikono," alinong'ona Bi Hiske. "Na kabatini kuna pombe ya Durk. Tone moja litanipasha moto."

"Sikusugui, na pombe hupati, hata ukinibembeleza," alisema Sipke. "Mtu aliyepoa hivi hasuguliwi, wala hatiwi kwenye maji ya moto. Moyo unaweza kushtuka. Na pombe ni mwongo, mama. Inakuambia umepata joto, kumbe ndiyo inalitoa mwilini."

"Durk angenipa."

"Durk alikuwa mkulima mzuri. Kunywa chai."

Alilazwa hospitali usiku mmoja. Asubuhi Akke alikuwa kando ya kitanda, bado amevaa koti, macho yamevimba.

"Sipke ameniambia," alisema. "Mama, ni kweli? Ni Jumapili tu?"

Bi Hiske alitazama shuka.

"Tunakaa pale tukivua masweta! Tunasema kwa Mama kuna raha! Kumbe tukitoka tu, unajizimia joto?"

"Nilikuwa nawawashia ninyi. Mbona hilo ni jambo zuri?"

"Na wewe je?"

"Mimi ni mtu mmoja, Akke. Nyumba nzima iwake kwa mtu mmoja?"

"Hata mimi ni mtu mmoja! Baba alikuwa mtu mmoja!" Muuguzi wa zamu alichungulia mlangoni. Akke akashusha sauti. "Ulitaka kutuachia nini, mama? Pesa? Tuje Jumapili tukukute sakafuni umekuwa mkavu kama kuni?"

Bi Hiske alivuta shuka hadi kidevuni. Akke akamshika mkono, na sasa mkono ulikuwa na uvuguvugu.

"Kuna jambo jingine," alisema polepole. "Mare alinisikia nikiongea kwenye simu. Leo amekwenda shule kwa miguu. Ameiacha baiskeli. Amesema, 'Siwezi kuipanda. Bibi aliganda ili mimi niipate.'"

Bi Hiske aligeuza uso ukutani. Maisha yake yote alijua kwamba kutoa ni jambo zuri. Hakuwahi kufikiri kwamba zawadi inaweza kumwelemea aliyepewa. Alilia kimyakimya, na Akke hakumnyamazisha.

Aliporudi nyumbani, Sipke alikuja na viatu vyake vipya miguuni na thamosi ya kahawa mkononi.

"Nimekuja kukupa somo," alisema. "Na kahawa nimekuja nayo, usije ukasema nakumalizia ya kwako."

Bi Hiske alicheka bila kupenda. "Haya, mwalimu. Sema."

"Kwanza, uliniambia husikii baridi. Hatari iko hapo hapo. Mtu akizeeka, mwili wake husahau kupiga kelele. Kijana akipoa, hutetemeka, hulalamika, hutafuta sweta. Mzee hupoa huku amekaa kimya. Ukiacha kutetemeka bila kupata joto, hujazoea. Mwili umeshindwa."

"Nilidhani ni uzee tu. Kusahau sahau, kuangusha vitu."

"Watu wengi wanadhani hivyo. Baridi hupandisha presha, hufanya damu kuwa nzito, na huchanganya mawazo. Ndiyo maana usisubiri mwili ukuambie. Tazama kipimajoto. Chumba unachokaa kisishuke chini ya nyuzi kumi na nane. Kwa umri wako, ishirini ni bora."

"Nyumba nzima?"

"Nani kasema nyumba nzima? Funga milango ya vyumba usivyotumia. Sebule ipate joto vizuri, na chumba cha kulala kisiwe barafu. Jioni funga mapazia. Nitakuwekea kamba ya sponji chini ya mlango, pale upepo unapopita. Na ule chakula cha moto walau mara moja kwa siku. Ukiwa umekaa."

"Umejuaje kama nakula nimesimama?"

"Kiti cha jikoni kina vumbi, mama."

Alikubali yote. Lakini kukubali ni jambo moja, na mkono ni jambo jingine. Jumanne Sipke alipopita, alikuta sebule ina nyuzi kumi na nne.

"Bi Hiske! Umezima joto tena?"

Bi Hiske alikaa kwenye kiti, amejikunyata kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni.

"Mkono unakwenda wenyewe," alisema. "Nikisikia boila inaunguruma na mimi niko peke yangu, naona kama naiba."

"Unamwibia nani?"

Alifikiri. Alifikiri kwa muda mrefu, kwa sababu alikuwa mtu mkweli. "Sijui," alisema mwisho.

"Durk alipokuwa mgonjwa, boila iliunguruma usiku kucha. Alikuwa anakuibia?"

"Usithubutu!" Bi Hiske alisimama, macho yakiwaka. "Durk hakumwibia mtu hata msumari! Kifua kilikuwa kinambana. Alihitaji joto!"

"Basi," alisema Sipke, kwa sauti ya chini kuliko kawaida yake. "Umelisema mwenyewe. Alihitaji. Na wewe kipimajoto kilisema nini siku ile?"

Bi Hiske akakaa tena. Nje, watoto walikuwa wakipiga kelele kwenye barafu.

"Thelathini na nne," alisema.

"Ungemwona Durk na thelathini na nne, ungemwambia avae koti?"

Alitikisa kichwa. Koti la Durk lilikuwa mabegani mwake. Alilivua, akalitundika kwenye msumari wa mlango wa nyuma, mahali pa makoti ya kutokea nje.

"Lakini kesho mkono utakwenda tena," alisema. "Najijua."

"Ndiyo maana tutaunyima kazi." Sipke alifungua kifuniko cha kitufe. "Hiki kina saa ndani. Tunaitegesha mara moja. Kabla hujaamka, joto linapanda. Ukienda kulala, linashuka kidogo. Hutaulizwa kila siku kama unastahili au hustahili. Saa ndiyo itakayowasha. Kama kuna dhambi, iwe ya saa."

"Haya," alisema Bi Hiske. "Saa haiendi kanisani."

Wiki za kwanza hazikuwa rahisi. Aliamka kukiwa na joto, na moyo ukamwuma kama mtu aliyelala kazini. Mara mbili alisimama mbele ya kitufe, mikono mfukoni, akaondoka. Aliendelea kuwawekea wajukuu, lakini kiasi kidogo, baada ya joto na chakula chake kulipwa. Alimweleza Akke jambo hilo waziwazi, na Akke akambusu kwenye paji la uso.

Kwa Mare alipiga simu mwenyewe.

"Mjukuu wangu, sikiliza. Baiskeli ile niliinunua kwa sababu nakupenda. Kuganda niliganda kwa sababu nilikuwa mjinga. Ni mambo mawili, usiyafunge kamba moja."

"Sasa huko kuna nyuzi ngapi, Bibi?"

"Ishirini."

"Kasome, usikisie."

Bi Hiske akaenda kusoma. "Kumi na tisa na nusu. Nimedanganya nusu."

Mare akacheka, na siku iliyofuata akaenda shule kwa baiskeli.

Kufikia Machi, mambo mengi yalikuwa yamebadilika. Vidole vilikunjuka, vikashika sindano za kufumia bila kuuma. Presha ilishuka, daktari akafurahi. Vikombe havikuvunjika tena. Kwenye kahawa ya baada ya ibada alizungumza na watu, akacheka, akawakumbuka majina.

Siku moja ya Jumatano, upepo wa kaskazini ulikuwa unavuma na mvua ya barafu. Sipke alikuwa anafunga baiskeli yake alipoisikia harufu. Ilikuwa supu ya njegere, ile nzito inayosimamisha kijiko, yenye soseji na mboga za mizizi. Harufu ilitoka kwa Bi Hiske. Taa ya sebuleni ilikuwa inawaka, mapazia yamefungwa vizuri.

Akabisha. Bi Hiske alifungua, amevaa blauzi nyepesi, mashavu yamemwiva. Nyuma yake, mezani, kulikuwa na kitambaa safi, sahani moja na kijiko kimoja.

"Kumbe kuna karamu!" alisema Sipke, akisimama kizingitini na mvua ikimtiririka ndevuni. "Nani anakuja leo?"

"Haji mtu. Nakula mimi."

Sipke alitazama sahani ile moja. Alibaki amesimama, mlango wazi, upepo ukipita kando yake kuingia ndani.

"Sipke mwanangu," alisema Bi Hiske, "amua moja. Ingia au toka. Unanitolea joto langu nje."