Damu Iliyoiva Chini ya Barafu

Dominika wa nyumba ya pili alidai ameona kwa macho yake: Suma, kondakta wa basi la Mbeya, aliliweka sanduku la damu ya Polikarp juu ya injini, na likasafiri hapo mpaka mwisho. "Ndiyo maana imeiva," alisema. "Alilikalia kama kigoda."

Modesta hakubisha. Mume wake, Polikarp, alikuwa wodini na saratani ya damu. Daktari alisema inafanana na ile yenye dawa inayojulikana, ila alama yake ya kawaida kwenye vinasaba haikuonekana. Huenda vinasaba viwili vimeungana kwa namna adimu. Bila kuijua, dawa ingekuwa ya kubahatisha. Damu ikapelekwa Mbeya kupimwa. Maabara wakapiga simu: imepikwa, haifai. Polikarp akageukia ukutani. Alisema hachomwi tena sindano ya kutolewa damu mpaka ajue nani kamfanyia hivyo.

Modesta alimkuta Suma stendi.

"Uliliweka juu ya injini?"

"Niliweka, dada. Basi lilijaa. Ningelibeba kichwani?"

Alitaka kumkunja shati. Badala yake akawapigia maabara.

"Barafu ilifikaje?"

"Nzima. Ngumu kabisa."

Akakaa juu ya gunia la mtu, upepo ukimpiga. Barafu nzima, damu imeiva. Kwa hiyo moto ulitangulia barafu. Na barafu aliiweka mama mkwe wake, alfajiri, baada ya vichupa vya damu kulala kwake karibu na stendi. Modesta usiku ule alikuwa kwa mgonjwa.

Mama mkwe, Emerensiana, alikuwa barazani, anachambua maharage.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwanangu anaendeleaje?"

"Mama, vile vichupa ulivichemsha."

Mkono wa mama mkwe haukusimama. "Mlisema vinapimwa vinasaba. Redioni wanapima vinasaba kujua mtoto ni wa nani." Akashusha sauti. "Baba yake yumo ndani, Modesta. Tangu azaliwe anamwita mwanangu."

"Hawatafuti baba, mama. Wanatafuta ugonjwa."

"Nani aliniambia?"

Modesta akaketi kando ya ungo. Maneno ya daktari alikaa nayo peke yake, wodini, akiogopa kuyatamka.

"Daktari yuko tayari kumchoma tena," alisema, "ila mwenyewe hakubali. Twende, mama. Umwambie wewe. Mimi nitakaa nje, sitasikia."

Maharage yalikwisha kuwa safi. Mkono wa Emerensiana uliendelea kuzunguka kwenye ungo.