Dada wa Chumba chenye Roshani

Kitanda cha chumba cha wageni kilikuwa kimelaliwa. Mke wa Meneja alisimama mlangoni na fagio mkononi, akakitazama. Shuka alilolitandika mwenyewe lilikuwa limekunjamana upande wa dirishani, mto una shimo la kichwa, na alipoinama kunusa alipata harufu ya mwani na chumvi, katika mji ambao kutoka hapo mpaka baharini ni mwendo wa siku nzima kwa basi.

"Umelala huku?" alimuuliza mumewe.

"Nilale huku nina wazimu?" Meneja alijibu kutoka bafuni, povu la kunyolea likiwa limemjaa mashavuni. "Utakuwa umelala wewe ukasahau. Ndio uzee huo."

Huyo ndiye Meneja. Na tusidanganyane, umeneja wenyewe ulikuwa wa jina tu. Katika kiwanda cha magodoro alisimamia chumba cha kufungia mizigo, vijana wachache na mashine moja ya nailoni, lakini kwa jinsi alivyotembea na rundo la funguo likimgonga kiunoni ungedhani kiwanda amerithi kwa babu yake. Debe tupu haliachi kuvuma, na hili lilianza kuvuma kabla ya chai.

Chanzo cha yote kilikuwa meli. Mwaka uliopita Shemeji, kaka wa mkewe, fundi wa meno bandia, alikwenda kutembea kwa meli ya starehe, akarudi na picha zake amesimama kwenye roshani ya chumba chake, taulo begani, bahari nyuma. Picha zile zilimkwama Meneja kooni kama mwiba wa samaki. Mkewe, fundi cherehani ambaye hajawahi kuiona bahari, yeye alitaka safari tu. "Mimi hata nikilazwa stoo, sawa," alisema. "Nataka nione maji yasiyo na ng'ambo."

Wakaenda kwa wakala wa safari. Karani, msichana mwenye miwani na subira nyingi, aliwafungulia mchoro wa meli kwenye kompyuta. Vyumba vya watu wawili vilivyobaki vilikuwa vya ndani, havina dirisha. Chenye roshani kilikuwepo kimoja, mbele kabisa, ila hicho kilitengwa kwa watu watatu.

"Sisi ni watatu," Meneja alisema bila kupepesa macho.

Mkewe akageuka. Meneja akamkanyaga mguu chini ya meza.

"Wa tatu ni nani, mzee?"

"Dada yangu."

Meneja hakuwa na dada. Alizaliwa peke yake, na kwa tabia ile mama yake alifanya vizuri kuishia hapo. Uongo ungetosha, lakini mwongo mwenye majivuno hajui kufunga duka. Karani alipouliza kama dada ana mahitaji yoyote, bwana akaanza kumpamba. Hajaolewa, nani angemchukua? Mguu wa kushoto anauburuta. Chakula chake hakitiwi chumvi. Analala macho wazi, tena lazima dirishani. "Mzigo tu," alimalizia huku akicheka. "Nimembeba maisha yangu yote. Bila mimi huyo si kitu."

Hila yake ilikuwa kwamba siku ya kuondoka dada "ataugua", na wao watapanda wawili wajinyooshe. Karani akasema sawa, alete tu pasipoti yake kabla ya wiki kwisha. Hiyo ilikuwa juzi. Leo kitanda kimelaliwa.

Mchana ule mkewe alikuwa akishona magauni ya wateja aliposikia mtu koridoni. Hatua moja, kisha mburuto. Hatua, mburuto. Alisimamisha cherehani, sauti ikanyamaza. Akakanyaga tena, ikaanza tena, ikiifuatisha sindano, ikipita chumba cha wageni, ikipita bafuni, ikija mpaka mlangoni kwake, na pale ikasimama, na harufu ya mwani ikaingia kwa chini ya mlango pamoja na maji membamba yaliyotambaa sakafuni hadi yakalowesha pindo la gauni la mteja, naye akabaki amekaa, mguu juu ya kanyagio.

Jioni alimweleza mumewe. Meneja alicheka mpaka akakohoa. Kisha akaonja mchuzi, akaacha kucheka.

"Hujatia chumvi."

"Nimetia mara mbili," mkewe alisema kwa sauti ya chini.

Simu ikalia. Alikuwa karani. "Mzee, ahsante sana. Dada yako amekuja mwenyewe na pasipoti. Mmefanana kweli! Ila nguo zilikuwa zinamchuruzika maji, nikamhurumia."

Meneja alitua simu mezani taratibu.

"Ni yeye," mkewe alinong'ona.

"Yeye nani?"

"Uliyemtunga. Umemwandalia kitanda, ukamtangaza kwa watu. Alikuwa anangoja nini asije?"

Kutoka chumba cha wageni sauti ya kike, nzito, yenye dharau, ikaita, "Kaka! Mwambie wifi asifunge dirisha langu."

Jogoo lile la kiwandani, linalowafokea vijana hadi mate yanawarukia, likajificha nyuma ya mkewe.

Mganga waliyemwendea kesho yake hakuwa na tunguri wala shanga. Alikuwa mwanamke wa makamo mwenye chumba juu ya duka la viatu, anatafuna ubani wa dukani na kuwasikiliza wateja huku akitazama dirishani. Alimsikiliza Meneja mpaka mwisho, akamtazama kama mtu anayetazama viatu vilivyochafuliwa na mbwa.

"Jini halihitaji mlango, linahitaji nafasi," alisema. "Wewe umelipatia jina la udugu, mguu, tabia, mpaka mahali pa kulala. Dawa ya kunywa hapa hakuna. Nenda kwa hao wanaokupa chumba, useme mbele yao: nilidanganya, sina dada. Basi. Asiyekuwepo akikanwa mbele ya shahidi, huondoka."

"Hivyo tu?" Meneja alishusha pumzi.

"Hivyo tu. Ila wahi. Na yeye ana mdomo."

Wakashuka ngazi, wakaenda moja kwa moja kwa wakala. Njiani mkewe alimshika mkono, kwa sababu pamoja na upuuzi wake wote alikuwa mume wake. Walipofungua mlango walimkuta karani, na mbele ya meza yake, miguu ameikunja, amekaa Shemeji, naye amekuja kuulizia safari yake nyingine.

"Aa, shemeji!" alipaza sauti. "Nasikia umechukua roshani ya mbele kabisa! Yangu ilikuwa ya ubavuni tu. Na dada je? Mbona sikuwahi kujua una dada?"

Kwenye kiti cha pembeni, karibu na dirisha, alikuwepo mwanamke. Pua ya Meneja, paji la Meneja, sandali zimelowa, macho hayapepesi. Alikuwa akitabasamu.

"Sema," mkewe alimnong'oneza. "Mume wangu, nakuomba. Maneno mawili tu."

Meneja alifungua kinywa. Alimtazama karani, akamtazama yule mwanamke. Halafu alimtazama Shemeji, aliyekuwa akisubiri jibu nyusi zikiwa juu, na akaiona ile picha ya taulo begani, akajiona yeye amelala chumba cha ndani kama gunia la mkaa wakati mtengeneza meno huyu anasimulia mtaani jinsi alivyoumbuka. Hapo ndipo utakapojua kwamba mjinga si lazima akose akili. Inatosha awe na mtu wa kumwonyesha.

"Ninaye," alisema. "Tumbo moja."

Mwanamke wa kitini akacheka kwa sauti, na karani naye akacheka, kwa adabu.

Mkewe aliuachia mkono wake. "Binti," alimwambia karani, "mimi nitoe humo. Nipe cha ndani, kisicho na dirisha."

Siku ya safari walipanda ngazi ya meli watatu. Meneja alivaa miwani ya jua na kutabasamu kwa meno yote, lakini funguo kiunoni zilikuwa zikitetemeka. Nyuma yake ulikuja mguu ukiburutwa. Mkewe alilala chumba chake kisicho na dirisha, asubuhi akapanda juu, akayaona maji yasiyo na ng'ambo, akalia kwa uzuri wake. Kisha, moyo ukimsuta, akaenda kugonga kwenye chumba cha mbele.

Alifungua yule mwanamke. Alikuwa mkavu, amechana nywele, mguu umenyooka. Ndani vitanda vilikuwa vitatu, viwili havijaguswa. Sanduku la Meneja halikuwepo. Ila kwenye roshani, nyuma ya pazia lililokuwa likipepea, mkewe alisikia funguo zikigongana haraka haraka, kama za mtu anayegonga kioo bila mkono wa kugongea.

"Mume wangu yuko wapi?"

"Mama, umekosea mlango."

Mhudumu wa vyumba alikuwa akipita na mashuka. "Kuna tatizo?" aliuliza. "Labda anamtafuta kaka yako, bibi. Mbona mimi sijamwona tangu jana?"

"Mume wangu yumo humo!" mke alilia. "Usiseme. Nakuomba, usiseme!"

Mwanamke aliweka mkono kifuani, kwa haya ya kuigiza.

"Mwenzangu, nitakuambia ukweli. Peke yangu wasingenipa chumba chenye roshani. Ikabidi niseme nina kaka. Nikampamba, bwana mmoja wa majivuno, anafunga magodoro na kujiita meneja." Akacheka kidogo. "Mzigo tu. Nilidanganya. Sina kaka."

Nyuma ya pazia funguo zikanyamaza.