Jina la Subira Katika Buku la Kabambare

Emilienne wa Kasongo aliamka kila siku kabla jua halijachomoza. Alifagia kiwanja, akatwanga mpunga, akateka maji. Kwa miaka miwili alifanya hayo peke yake. Mume wake, Octave, alikuwa vitani upande wa Tabora, askari wa Bula Matari, yaani serikali ya Wabelgiji, akipigana na Wadachi. Watu walimwambia, "Omba Mungu." Aliomba. Lakini hakuomba Octave arudi na mwanamke.

Na ndivyo alivyorudi. Ilikuwa mwaka 1917, wakati wa kuvuna mpunga. Octave aliingia kiwanjani amekonda sana. Nyuma yake alikuja mwanamke mrefu, nguo yake imechanika, kibuyu mkononi.

"Ule iko nani?" Emilienne aliuliza, hata kabla ya kumsalimu mume wake.

"Iko mugeni. Jina lake Subira. Alituokoa kule."

"Alikuokoa weye, ao aliokoa askari wote?"

"Askari wote, bibi. Kiu ilikuwa inatuua. Wadachi walifukia visima vyote. Yeye akatuonyesha maji chini ya muchanga wa muto. Kwa sababu ya ile, watu wa kule walichoma nyumba yake. Wameapa, akirudi watamuua."

Emilienne alimtazama Subira toka kichwani hadi miguuni. Akaona ni mzuri. Hilo lilimuuma kuliko yote.

Watu husema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Emilienne hakungoja ya tatu. Alimpa jembe asubuhi ya kwanza, tena lile lenye mpini uliopasuka. Subira alilipokea kwa mikono miwili, akasema, "Asante, dada," akalima mpaka jua likawa kali. Alilima vizuri. Hilo nalo lilimuuma Emilienne.

Octave alimjengea Subira kibanda nyuma ya jiko, ndani ya ua wake mwenyewe. Kisha akamkatia kipande cha shamba lake la muhogo. Alidhani anatenda wema. Lakini huko kwao kila mtu alijua maana yake. Mwanamume akimjengea mwanamke ndani ya ua wake, na akamkatia shamba kwa mkono wake, huyo ni mke. Majirani hawakuuliza kitu. Walicheka tu.

Wivu ulimkaa Emilienne kooni kama mfupa wa samaki. Wakati wa kula alihesabu mara ngapi Octave alimtazama mgeni. Octave akisifu sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, aliuliza, "Ya mukono wa nani?" Octave akinyamaza, aliuliza, "Unamuwaza nani?" Maskini Octave akawa anakula macho chini.

Kule kwenye chemchemi wanawake walimuuliza Emilienne habari za nyumbani. Kwa hasira akawaambia, "Ee, iko mukewenza wangu! Octave ameniletea muke toka Tabora." Aliwaambia hata wachuuzi wa chumvi waliokuwa wanaelekea Kabambare. Alitaka Octave aone haya. Kumbe maneno yana miguu.

Siku moja alipokuwa anafua nguo za Octave, akakuta karatasi mfukoni. Emilienne hakujua kusoma. Akaipeleka kwa jirani yake, mzee Moustapha, aliyewahi kuwa karani na kuandika watu kwa miaka mingi. Moustapha aliisoma polepole.

"Hii ni karatasi ya njia," alisema. "Imetoka posti ya serikali kule Kabambare. Inasema: 'Octave wa Kasongo anarudi kwake. Yuko pamoja na Subira, muke wake wa pili.'"

Emilienne alipiga kelele hata kuku wakatawanyika. Akainyakua ile karatasi, akakimbia nyumbani. Moustapha akamfuata, maana aliona hapo pana jambo.

"Octave! Mapadri walikubatiza, tukafunga ndoa ndani ya kanisa! Leo uko na muke wa pili?"

Octave alishuka kutoka juu ya paa alilokuwa anaezeka. "Hapana, bibi! Karani wa Kabambare aliniuliza, 'Ule mwanamuke iko wa nani?' Nikaogopa. Nikisema hana mutu hapa, watamurudisha kwao, ng'ambo ya ziwa. Nikasema, 'Andika kwangu.' Ni karatasi tu."

"Karatasi tu!" Emilienne alisema. "Na kibanda? Na shamba? Nayo ni karatasi?"

Moustapha alimgeukia Subira, ambaye alikuwa amesimama mlangoni mwa kibanda chake.

"Binti, weye uko na mume?"

"Ninaye, babu," Subira alijibu. "Anaitwa Heri. Wadachi walimchukua kwa nguvu kubeba mizigo, wakaenda naye kusini. Sijui kama yu hai."

Emilienne akashangaa. "Mbona haukuniambia?"

"Hukuniuliza, dada. Ulinipa jembe."

Hakuna aliyecheka. Moustapha akaketi, akasema, "Musikilize vizuri. Sasa Wadachi wanakimbia, na wapagazi wao wanaachwa njiani. Wengi wanavuka ziwa, wanatafuta watu wao. Wanapita toka posti hata posti, wanaomba karani afungue buku la majina, lenye maneno sawa na karatasi hii. Sasa Heri akifika Kabambare na kuuliza Subira, watamusomea nini?"

Octave aliinamisha kichwa. "Watamusomea kama ni muke wangu."

"Mwanaume akisikia vile atafanya nini?"

"Atarudi kwao," Subira alisema kwa sauti ndogo. "Na walioichoma nyumba wako pale pale. Watamuua kwa ajili yangu."

Kwa mara ya kwanza Emilienne alisahau uzuri wa yule mwanamke. Alikumbuka miaka yake miwili ya kungoja. Je, kama Octave naye angerudi akasomewa kwamba Emilienne ni mke wa mtu mwingine?

"Tufanye nini, babu?" aliuliza.

"Mutu mwenye kukimbia vita anaandikwa kwa jina lake mwenyewe," Moustapha alisema. "Jina la mume wake na la kwao vinaandikwa pia. Na mutu wa hapa anasimama kuwa shahidi wake. Chifu ndiye anamupa kiwanja, mbele ya watu, inje ya ua wa Octave. Kumusaidia mugeni si kumumeza. Octave, weye ulikuwa na roho muzuri, lakini ulimufunga."

Kesho yake watatu hao walishika njia ya Kabambare, mwendo wa siku nyingi kwa miguu. Octave alitangulia, Subira alikuwa nyuma. Katikati alitembea Emilienne, na hakukubali kubadilisha nafasi hata walipovuka mito. Huruma ilikuwa imeingia moyoni mwake, ni kweli. Lakini wivu haukuwa umehama. Walipolala kijiji cha Wamaza, kwa watu waliowapokea, alichagua yeye nani alale wapi.

Karani wa Kabambare aliitwa Jean-Marie. Aliwasikiliza, kisha akatikisa kichwa.

"Octave, ni weye mwenyewe ulisema ni muke wako. Leo unasema hapana. Nitajuaje lini unasema kweli? Na tena, wachuuzi wa chumvi walipita hapa. Walisema muke mukubwa mwenyewe anamuita mukewenza."

Subira alifunika uso. Octave akamtazama mke wake. Watu waliojaa barazani wakatega masikio, maana neno la ukewenza halimchoshi mtu kulisikia.

Emilienne angeweza kunyamaza. Subira angebaki na jina baya, na fedheha yake mwenyewe isingejulikana. Akasimama.

"Karani, muke mukubwa ni miye. Na ni uongo nilisema. Ule mwanamuke hajalala ndani ya nyumba ya mume wangu hata siku moja. Nilimuonea wivu. Sababu iko muzuri, sababu analima kunishinda, sababu mume wangu alimushukuru. Nikasema maneno ya kumuchafua. Mume wake ni Heri wa Tabora. Miye nasimama shahidi."

Mzee mmoja akasema, "Mwanamuke kusema vile mbele ya watu, hiyo si uongo."

Jean-Marie alichovya kalamu. Akafuta mstari wa zamani, akaandika: Subira, mke wa Heri, wa Tabora. Amekimbia vita. Anakaa Kasongo. Shahidi wake ni Emilienne, mke wa Octave.

"Andika mke wa pekee," Emilienne alisema.

"Mama, si lazima..."

"Andika!"

Akaandika.

Waliporudi, chifu alimpa Subira kiwanja ng'ambo ya kijito, na Moustapha akawa shahidi. Watu walimjengea nyumba kwa siku tatu. Emilienne ndiye aliyekandika kuta, kwa bidii kubwa sana. Alitaka ile nyumba iishe upesi.

Miezi mitano ilipita. Asubuhi moja mtu mgeni alisimama mlangoni kwa Octave. Mabega yake yalikuwa na makovu ya mizigo. Alipiga hodi, akasema, "Samahani, mama. Natafuta nyumba ya Emilienne, mke wa pekee wa Octave. Kabambare wamenisomea hivyo."

Emilienne aliacha mchi kwenye kinu. Alimshika mkono mtu huyo asiyemjua, akamkimbiza hadi ng'ambo ya kijito, akiita, "Subira! Subira! Toka inje, iko mutu wako!" Subira alitoka na unga mikononi. Alimwona Heri, akaanguka magotini. Emilienne alilia kuliko wote wawili.

Baada ya hapo walikuja wengine waliokimbia upande wa Tabora. Kila mwanamke aliyefika Kasongo, Emilienne alimpa kwanza maji na chakula. Kisha alimpeleka mwenyewe kwa Moustapha, amwandikie jina lake kwenye karatasi ya kupeleka Kabambare. Lakini swali lake la kwanza lilikuwa moja siku zote: "Dada, mume wako iko nani, na iko wapi?"

Majirani walimsifu kwa huruma yake. Octave alimsikia akiuliza, akacheka peke yake, akaendelea kula macho chini.