Kiti cha Cherehani Si Mapumziko

Hivi wewe, mtu akitoka kukimbia mbio ndefu, kesho yake akakaa kitini kutwa nzima, utasema amepumzika?

Kinyozi alisema ndiyo. Mkewe alikuwa fundi wa nguo, na Jumapili alikuwa amemaliza marathoni yake ya kwanza. Jumatatu alikuwa kwenye cherehani yake ya miguu, akishona sare za shule. Chumba chao cha kazi kilikuwa kimoja, kimegawanywa kwa pazia. Upande huu kioo na mashine ya kunyolea, upande ule cherehani na vipande vya vitambaa sakafuni. Kinyozi alisogeza pazia akawaambia wateja wamwone mkewe, amekaa kama malkia.

Fundi alicheka kidogo. Kucha mbili za miguu zilikuwa zimeng'oka. Ngazi ya mlangoni alikuwa anaishuka kinyumenyume, huku ameshika ukuta.

Wiki haijaisha, Kinyozi alikwisha kukitangazia kila kichwa alichokishika kwamba mwezi ujao mama watoto anakimbia marathoni nyingine. Wateja wakamtania Fundi. Mmoja alisema, shemeji, safari hii beba mkasi, aliye mbele yako umkate mkanda wa suruali.

Basi kila alfajiri Kinyozi akawa anamwamsha, anamfuata nyuma kwa baiskeli. Alisema miguu bado ina moto wa mbio, ikiachwa ipoe itasahau. Fundi alimeza dawa ya maumivu, akakimbia. Akirudi anaoga, anakaa kwenye cherehani. Wiki ya tatu maumivu yalihama. Yaliacha mapaja, yakaja kukaa mahali pamoja, kwenye mfupa wa mbele wa mguu wa kulia.

Hakusema. Alianza kukanyaga pedali kwa mguu wa kushoto, na mshono ukaanza kwenda upande.

Siku moja alikuja jirani yao kuchukua sketi yake. Yeye ni mtaalamu wa tiba ya viungo, anafanya kazi kliniki. Aliutazama mshono, akainama kutazama chini ya meza.

"Dada, mguu wa kulia una nini?"

"Umechoka tu."

"Nionyeshe panapouma. Tumia kidole kimoja."

Fundi aliweka kidole pale pale bila kutafuta. Jirani akaacha kutabasamu. Alimweleza polepole kwamba uchovu wa mbio huenea kwenye misuli, nao hupungua siku kwa siku. Maumivu yanayokaa mahali pamoja juu ya mfupa, na kuzidi ukikimbia, si uchovu. Huenda mfupa umepata ufa. Na dawa ya maumivu haizibi ufa. Inakufanya usiusikie, basi.

Kinyozi akasogeza pazia, mashine bado inanguruma mkononi. "Lakini kutwa amekaa, jirani."

"Amekaa wapi, shemeji? Hiyo pedali anaikanyaga nani?"

Mteja aliyekuwa amenyolewa nusu ya kichwa alitazama sakafu.

"Asubuhi anakimbia, mchana anakanyaga, jioni anasimama jikoni," jirani akaendelea. "Huo mguu unapumzika lini?"

Picha ya eksirei kule kliniki ilionyesha ufa. Fundi akapewa magongo ya kutembelea. Mbio zikapita bila yeye. Wateja walipouliza, Kinyozi alijibu kwamba amepata udhuru, akaongeza sauti ya redio. Nyumbani alikuwa anamsemesha mkewe kupitia watoto: mwambieni mama yenu chai imepoa.

Jirani hakuchoka kuja. Aliwaeleza wote wawili kwamba baada ya marathoni mwili una majeraha madogo ndani, hata kama hayaonekani. Wiki ya kwanza na ya pili usikimbie. Lala vya kutosha, kula ushibe, kunywa maji, tembea taratibu. Maumivu yakiisha, anza mbio fupi, za mwendo ambao unaweza kukimbia huku unazungumza. Baadhi ya siku usikimbie kabisa. Marathoni nyingine ingoje miezi, na kazi ya miguu nayo ihesabu kuwa ni kazi.

Fundi aliazima cherehani ya mkono kwa mama yake mdogo. Kazi ikaenda polepole, na baadhi ya wateja wa sare wakahamia kwa fundi mwingine. Kinyozi alianza kufua na kupika, kwanza kwa kununa, baadaye kwa kuzoea.

Mfupa ukaunga. Siku moja Fundi alikimbia hadi mwisho wa mtaa na kurudi, akipiga soga na jirani njia nzima. Mguu haukuuma. Mshono wake ukanyooka tena.

Jioni hiyo Kinyozi alikuwa anasafisha mashine yake. Akasema amesikia kuna marathoni nyingine, na miguu ya mama watoto sasa ni mipya, ameshawadokeza wateja wawili watatu.

Fundi aliweka mkasi chini.

"Nikiwa tayari nitakimbia, na siku nitaitaja mimi," alisema. "Lakini nisikilize, baba watoto. Siku ile nilipoingia humu na medali shingoni, sikutaka mbio nyingine. Nilitaka uniambie, lala, mke wangu, leo watoto niachie mimi."