Vifaranga wa Josline na Joto la Juba

Kila asubuhi Josline, Mama Kisakye kwa majirani, huuza chapati mbele ya nyumba yake, mtaa wa New Site, Juba. Asubuhi hiyo unga ulikaa tu kwenye beseni. Vifaranga wawili walikuwa wamekufa.

Juzi mwewe alimnyakua mama yao, siku moja tu baada ya kuangua. Kuku huyo aliletwa na mama yake Josline kwa basi kutoka Masaka, Uganda, amempakata njia nzima. Sasa mama huyo wa Josline ni marehemu. Vifaranga wamebaki tisa. Wakiisha hawa, kuku wa mama ndio basi.

"Anyieth! Njoo, dada! Wanalia tu!"

Jirani yake Anyieth, mganga wa mifugo aliyekulia Kenya, alichungulia ndani ya katoni mlangoni. Vifaranga walikuwa wamerundikana kona moja.

"Umewapa joto?"

"Joto? Juba hii? Mimi mwenyewe naiva!"

"Wewe uko na nyama, Mama Kisakye. Hawa hata manyoya hawana. Jana mvua na upepo viliwapiga hapa mlangoni. Na wanakula nini?"

"Mahindi. Kuku si anakula mahindi?"

"Punje nzima? Haya, na wewe meza nazi!"

Josline akacheka, machozi bado machoni.

Wakaihamishia katoni ndani, mbali na upepo. Josline akajaza maji ya moto kwenye jerikeni ndogo, akaifunga kabisa, akaizungushia gunia, akaiweka upande mmoja.

"Upande wa pili uache wazi, wakisikia joto wahamie huko," Anyieth alisema. "Maji yakipoa, badilisha, usiku na mchana. Jiko la makaa usilale nalo ndani, hewa yake inaua, hata wewe."

Wakaweka maji ya kunywa kwenye kisahani chenye kokoto, vifaranga wasizame. Wakasaga mahindi pamoja na dagaa.

"Hiki ni cha leo. Kesho nunua chakula cha vifaranga dukani."

"Nitajuaje joto limetosha?"

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Watoto wangu wakiona baridi hukumbatiana. Joto likizidi hukimbiana, midomo wazi. Wakiridhika je?"

Josline akainama. Mmoja alikuwa anadonoa, mwingine anakunywa. Wengine wamelala huku na huku, kimya. Akashusha pumzi.

"Hulala popote!"

"Umepata. Ungeshindwa, ningedai mji. Sasa nadai chapati."

Wote tisa walikua. Miezi sita baadaye, tetea mmoja mwekundu, rangi ileile ya kuku wa mama, alianza kutafuta pa kutagia. Josline alimwekea majani makavu, ndani ya nyumba, mbali na mwewe.